Saa za kuhesabu hatua kwa wagonjwa wa COPD: zinapunja, au hatujui kuzivalisha?

#1 Mpima_Hatua

Wakuu, salaam.

Chukulieni mgonjwa wa COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa) anatembea kwenye korido, mtu yuko nyuma yake anahesabu kwa macho mpaka hatua 100. Saa ya mkononi inasoma 64. Pedometa (kipima hatua) ya kwenye mkanda inasoma 83. Muuguzi mzima akipita korido hiyohiyo na vifaa hivyohivyo, vyote vinasoma kati ya 98 na 101. Maana yake vifaa ni vizima.

Dai langu: vitu hivi vimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye mapafu mazima, na kila tunaposoma kwamba mgonjwa fulani "anatembea hatua 2,500 kwa siku" tuitilie shaka hiyo namba. Nipingeni, ila kwa hoja.

#2 Fizio_wa_Zamu

Mapafu yanasingiziwa, mkuu. Kosa liko kwenye mwendo.

Piga hesabu. Mgonjwa anayefikisha mita 270 kwenye jaribio la kutembea dakika 6 amekwenda mita 45 kwa dakika. Hiyo ni mita 0.75 kwa sekunde, sawa na kilomita 2.7 kwa saa. Vifaa vingi huanza kuyumba mtu akishuka chini ya kilomita 3 na ushee kwa saa. Mchukue mzee mwenye mapafu safi anayekwenda mwendo huohuo, naye atapunjwa vilevile. Na mtu mwenye FEV1 (hewa anayoitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza) ya asilimia 40 ya kawaida anayekata kilomita 4.5 kwa saa atahesabiwa vizuri tu. Ukitaka kujua nani atapunjwa, usiangalie daraja la ugonjwa. Angalia kasi.

#3 Chipu_na_Waya

Naongezea upande wa vyuma.

Pedometa za zamani za mkanda, mfano zile Yamax, ndani zina kifimbo kilichoshikwa na springi. Kiuno kikipanda na kushuka kwa mchapuko unaozidi takriban 0.35 g (g ni mchapuko wa kitu kinachoanguka), kifimbo kinagusa, saketi inafunga, unapata hatua moja. Mtu akiburuza miguu, kiuno hakipandi vya kutosha. Kifimbo kinacheza humo ndani bila kugusa, na kioo kinabaki palepale.

Vifaa vya sasa havina kifimbo. Vina chipu ya aksilerometa inayosoma mchapuko pande tatu, mara makumi kwa sekunde. Programu inachuja mawimbi, inatafuta vilele, halafu kila kilele kinaulizwa maswali matatu. Umefika kizingiti? Umekuja kwa mwachano unaofanana na mwendo wa binadamu? Una wenzako waliokufuata? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, hatua inatupwa. Anayekwenda taratibu anafeli swali la kwanza. Anayesimamasimama anafeli la tatu. Mgonjwa wa COPD mara nyingi ni wote wawili.

#4 Mzee_wa_Korido

Kwa hiyo konokono hajawahi kutembea hata hatua moja tangu dunia iumbwe. Naweka kambi hapa.

#5 Mikono_Mikavu

Fizio #2, unasema kasi, mimi nasema mikono. Ndiyo maana kwenye mfano wa mleta uzi saa imesoma 64 na mkanda 83, wakati mgonjwa ni mmoja na kasi ni moja. Kasi pekee haiwezi kueleza pengo hilo.

Saa ya mkononi haioni miguu. Inaona mkono ukipembea, na mpembeo mmoja kamili wa kwenda na kurudi ni hatua mbili. Sasa angalia mgonjwa wa mapafu anavyotembea: ameshika kigari cha kutembelea cha magurudumu, au ameegemea reli ya ukutani, au mikono kiunoni ili misuli ya mabega isaidie kupumua. Mkono umetulia kama wa mpiga picha. Saa inadhani mtu amekaa. Mwenye kigari anaweza kukata korido nzima na saa isiongeze chochote cha maana.

Jaribio la dakika mbili: mtu mwenye afya, kasi ya kawaida, hatua 100 mikono ikiwa huru, halafu 100 akisukuma kigari. Kasi ni ileile, namba zitaachana. Hapo utajua nani mwizi.

#6 Tarakimu_Tupu

Kabla hamjatoana macho, mnachanganya makosa mawili.

Kuna kosa la upande mmoja: kifaa kinapunja karibu kila mtu kwa kiasi kinachofanana. Hilo unaweza kulirekebisha. Halafu kuna mtawanyiko: huyu anapunjwa 500, yule anazidishiwa 500. Wastani wa hao wawili ni sifuri, na ripoti itaandika kwa furaha kwamba kifaa ni sahihi, wakati hakuna hata mmoja aliyehesabiwa sawa.

Kwa hiyo mtu akikuletea matokeo usiishie kwenye wastani wa tofauti. Omba mipaka ya makubaliano ile ya Bland na Altman, yaani wastani wa tofauti, jumlisha na toa 1.96 mara mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko). Mipaka ikiwa mipana, kifaa kinaweza kufaa kulinganisha makundi lakini kisifae kumwambia mgonjwa mmoja "leo umetembea kidogo".

Na uwiano mzuri, yaani namba mbili kupanda na kushuka pamoja (korelesheni), haukuokoi. Saa inayosoma nusu ya hatua za kila mtu ina uwiano wa 1 kamili na ukweli.

#7 Saa_ya_Ukutani

Nanukuu #2: "mita 45 kwa dakika... mita 0.75 kwa sekunde."

Hapo Fizio umepiga chenga. Kwenye jaribio la dakika 6 mgonjwa anaruhusiwa kusimama na saa haisimami. Tuseme huyo wa mita 270 alipumzika mara mbili, sekunde 40 kila mara. Toa sekunde 80 kwenye 360, zinabaki 280 za kutembea. 270 gawanya kwa 280 ni mita 0.96 kwa sekunde, karibu kilomita 3.5 kwa saa. Akiwa anatembea yuko juu ya mpaka wako. Sasa kama bado anapunjwa, sababu si kasi. Ni kule kuanza na kusimama.

#8 Fizio_wa_Zamu

Saa_ya_Ukutani, nakubali, nilimeza mapumziko. Ila nawe usisherehekee. Jaribio la dakika 6 linamwambia mgonjwa aende mbali kadiri awezavyo. Nyumbani hakuna anayemhimiza kila dakika. Kutoka kitandani kwenda bafuni anakwenda taratibu kuliko kwenye korido, kwa hiyo kasi inarudi kuwa mshitakiwa.

#9 Chipu_na_Waya

Hiyo ya kuanza na kusimama ni nzito kuliko mnavyoichukulia, ngoja niifungue.

Watengenezaji hawataki mtu akipunga mkono apate hatua, kwa hiyo wameweka sharti la mfululizo. Kifaa hakikubali mpaka kione mwendo umeendelea, kwa vingine sekunde kadhaa, kwa vingine hatua kama kumi hivi. Kwa mtu anayekwenda kazini kwa miguu hilo halina madhara. Kwa mgonjwa ambaye siku yake ni hatua 7 mpaka mezani, kupumzika, hatua 5 mpaka dirishani, kupumzika, hatua 9 mpaka mlangoni, unaweza kufuta sehemu kubwa ya siku nzima bila kifaa kuharibika popote.

Kuna aina mbili za tabia, na lazima ujue ya kwako:

Aina ya kwanza inaficha hatua za mwanzo, ikiridhika inazimwaga zote kwa mpigo. Aina ya pili inazitupa moja kwa moja. Kujua ni rahisi. Tembea hatua 8, simama, soma. Kisha tembea 20 mfululizo, soma tena. Ukiona 20 na ushee, ni ya kuficha. Ukiona 10 au 12, ni ya kutupa. Soma baada ya kusubiri kidogo, maana vioo vingine vinachelewa.

Halafu fanya hivi: hatua 5, simama sekunde 10, rudia mara 20. Hizo ni 100. Linganisha na 100 za mfululizo kwa kasi ileile. Pengo kati ya hizo mbili ni kodi ya kusimama, na haihusiani na kasi wala mikono.

#10 Pumzi_Fupi

Asanteni kwa shule. Swali: salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, inatetemesha mikono. Je, ule mtetemo hauongezi hatua? Maana mnazungumzia kupunjwa tu.

#11 Chipu_na_Waya

Hapana. Mtetemo wa dawa uko karibu mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Mtu anayepiga hatua 80 kwa dakika ni mara 1.33 kwa sekunde, na mpembeo wa mkono wake ni nusu ya hapo. Kichujio kinaukata mtetemo kabla haujafika mahali pa kuhesabiwa, na hata ukipita, nguvu yake ni ndogo mno.

#12 Mzee_wa_Korido

Na kikohozi? Kile cha asubuhi kinatikisa mpaka kitanda.

#13 Mikono_Mikavu

Kikohozi kinatikisa kiwiliwili, si mkono, kwa hiyo kama kinaingia kitaingia kwenye kifaa cha mkanda au cha kifuani. Kwa pedometa ya springi isiyo na sharti la mfululizo, kila mshtuko unaofika kizingiti ni hatua.

#14 Chipu_na_Waya

Kwa springi nakubali. Kwa kifaa cha kisasa nabisha kidogo: mikohozi mitatu minne haifikishi mfululizo.

#15 Mikono_Mikavu

Mitatu minne ni ya mafua, mkuu. Mwenye bronkaitisi sugu anaweza kwenda mfululizo mpaka akashika ukuta. Mweke pedometa, akae kwenye kiti, akohoe, usome. Ni rahisi kuliko kubishana.

#16 Mkanda_Legevu

Mmesahau tumbo!

Kifaa cha mkanda kinataka kisimame wima, kwenye mstari unaoshuka katikati ya paja. Kikilala pembe ya nyuzi 10 au zaidi, zile za springi zinaanza kukosa hatua kwa sababu kifimbo hakichezi tena juu na chini sawasawa. Mgonjwa aliyetumia prednisolone (dawa ya steroidi) muda mrefu ananenepa kiunoni, mkanda unasukumwa mbele, kifaa kinaangalia dari. Hapo hata akitembea kama askari atapunjwa.

Na mwembamba naye hajapona. COPD ikishakula misuli, suruali inapwaya, mkanda unashuka, kifaa kinabembea kivyake. Kinaweza kupunja au kuzidisha, huwezi kutabiri.

Dawa: achana na mkanda wa suruali. Tumia mkanda wa lastiki upana wa sentimita 4 hadi 5 unaokaa juu ya mfupa wa nyonga, juu ya nguo ya ndani, umebana kiasi cha kuruhusu vidole viwili. Kama tumbo linasukuma, sogeza kifaa pembeni kabisa kwenye nyonga, au nyuma mgongoni. Ila ukihama, hama kwa siku zote za kipimo. Leo mbele kesho nyuma haikubaliki.

#17 Pumzi_Fupi

Na wenye oksijeni ya kubeba?

#18 Mkanda_Legevu

Wa begi la begani: mtungi unagonga nyonga kila hatua, na kifaa kikiwa upande huohuo kinaweza kuona vilele viwili kwa hatua moja. Kiweke upande wa pili. Wa toroli: mkono unaovuta haupembei, kwa hiyo saa ivaliwe mkono ulio huru, na umwambie asibadilishe mkono wa kuvutia. Atabadilisha tu, lakini umwambie.

#19 Ndoto_za_Elfu_Kumi

Samahani kwa kuchelewa. Kwani shida iko wapi, si WHO (Shirika la Afya Duniani) wamesema hatua 10,000 kwa siku? Mgonjwa afike hapo, hata akipunjwa elfu mbili bado yuko salama.

#20 Saa_ya_Ukutani

WHO hawakusema hivyo. Mwongozo wao wa 2020 unazungumzia dakika: 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima. 10,000 ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kwenye pedometa iliyouzwa kwa jina la manpo-kei, yaani "kipima hatua elfu kumi". Lilikuwa jina la bidhaa, likageuka kuwa sheria ya dunia.

Wajapani haohao, kwa haki yao, wana kiwango cha viwandani kinachotaka pedometa isikosee zaidi ya hatua 3 kwenye 100. Hicho ndicho cha kukumbuka.

#21 Fizio_wa_Zamu

Na kumwambia mwenye COPD kali afikishe 10,000 ni kumvunja moyo kabla hajavaa viatu. Wengi wao wako chini ya 5,000. Mnaoshauri, anzieni kwenye wastani wake wa wiki ya kwanza, mwongezee taratibu.

#22 Tarakimu_Tupu

Hapo kwenye "kuongeza" ndipo penye mtego, na sijaona mtu akiugusa.

Kwenye COPD, mabadiliko yanayohesabika kuwa na maana kwa mgonjwa baada ya mazoezi ya utengamao wa mapafu (ya kumrudishia mgonjwa nguvu na pumzi) ni kama hatua 600 hadi 1,100 kwa siku. Na ili namba ya siku iaminike unahitaji angalau siku 4, kila siku saa 8 au zaidi za kuvaa. Wengi hufuata siku za kazi, maana mwisho wa wiki watu hubadilika. Mpaka hapo sawa.

Watu husema: kifaa kinapunja, ila kinapunja kabla na baada, kwa hiyo tofauti iko salama. Si kweli. Mazoezi yanaongeza kasi, na kasi ikiongezeka kifaa kinaona zaidi. Chukua mgonjwa anayepiga hatua 4,000 za kweli. Kabla ya mazoezi kifaa kinakamata asilimia 70, kinasoma 2,800. Baada ya wiki nane bado anapiga 4,000 zilezile, hajaongeza hata moja, ila anatembea kwa kasi kidogo na kifaa sasa kinakamata asilimia 90. Kinasoma 3,600. Umepata ongezeko la 800, limevuka 600, unaandika "amefanikiwa". Hizo 800 hazikutembewa na mtu yeyote.

#23 Fizio_wa_Zamu

Lakini kasi nayo ni mafanikio! Anayetembea haraka zaidi amepona zaidi.

#24 Tarakimu_Tupu

Basi pima kasi, uiite kasi. Usiiuze kama hatua.

#25 Mzee_wa_Korido

Fizio leo umeshikwa mara mbili kwenye uzi mmoja. Pole, maji yapo pale kwenye kona.

#26 Kifundo_Imara

Nimesoma kuanzia juu. Mnazunguka wakati jibu liko chini: kifundo cha mguu.

Mguu lazima unyanyuke au angalau usogee mbele ili hatua iwepo. Haijalishi mikono iko wapi, tumbo liko wapi, kigari kipo au hakipo. StepWatch ya kifundoni imekuwa ikifanya kazi vizuri hata kwa watu wanaokwenda taratibu sana, na hata bangili za kawaida za Fitbit zikihamishiwa kifundoni kwa mtu wa polepole, kupunja kunapungua. Kifaa kingine, activPAL, chenyewe kinabandikwa mbele ya paja, katikati, kwa plasta isiyopitisha maji. Kina faida ya ziada: pembe ya paja inakionyesha kama mtu amekaa au amesimama.

Lakini angalieni makosa haya, yanaharibu data kimyakimya:

Kifaa cha mguu mmoja kinaona mguu mmoja. Vingine vinatoa idadi ya mguu huo tu, na wewe ndiye wa kuzidisha kwa 2. Vingine vimeshazidisha. Mtu akilinganisha 2,000 za aina ya kwanza na 4,000 za aina ya pili ataandika kwamba kifaa kimoja kimepunja nusu, kumbe ni siku ileile.

Saa ya mkononi ukiihamishia mguuni haijui kwamba imehama. Inaweza kuona mguu ukirushwa kisha kisigino kikigonga, ikahesabu mara mbili. Ndiyo maana usihame bila jaribio la hatua 100. Vilevile baiskeli ya mazoezi itaingia kama hatua, na baiskeli ndiyo chakula cha kila siku kwenye utengamao wa mapafu. Ivue wakati huo, au andika saa ya kuanza na kumaliza.

Mwisho, miguu iliyovimba. Mgonjwa ambaye moyo wa kulia umelemewa, kifundo chake cha asubuhi si cha jioni. Mkanda uliobana sawa saa mbili asubuhi unakuwa pingu saa kumi na mbili jioni. Acha nafasi, kagua ngozi kila siku.

#27 Mikono_Mikavu

Kifundo_Imara, yote sawa, ila utamshawishi nani akae na pingu mguuni wiki nzima? Saa ina faida moja tu kubwa: watu wanaivaa. Kifaa sahihi kikiwa kwenye droo kinasoma sifuri.

#28 Kifundo_Imara

Soksi, mkuu. Kinafunikwa na soksi.

#29 Kichujio

Kwa wanaotumia ActiGraph, kifaa cha watafiti cha kupima mwendo: kabla hamjaituhumu, angalieni mmechakata data kwa kichujio gani. Kile cha kawaida kinapunja watu wa polepole. Kuna kichujio cha nyongeza cha masafa ya chini, ukikiwasha kinaokota hatua dhaifu. Uzuri ni kwamba data ghafi ukiwa nayo, unachakata mara mbili bila kumvalisha mtu upya.

Ila hakuna cha bure. Kikiwashwa kwenye korido namba zinapendeza, kwenye maisha ya siku nzima kinaokota na vitu visivyo hatua, kujigeuza kwenye kiti, kutikisika ndani ya gari. Watafiti wa mradi wa PROactive waliopima vifaa kwa wagonjwa wa COPD walizipa alama nzuri ActiGraph GT3X na DynaPort MoveMonitor ya kiunoni. SenseWear ya mkono wa juu nayo ilikuwemo kwenye orodha, lakini haizalishwi tena. Kwa hiyo tafiti nyingi za zamani ziko kwenye kifaa ambacho huwezi kukinunua.

#30 Pumzi_Fupi

Na kwa mtu wa kawaida mwenye saa yake tu?

#31 Kichujio

Kwenye mipangilio, kama ipo sehemu ya kuchagua mkono unaotumia zaidi na usiotumia, jua kwamba hiyo inabadilisha wepesi wa kifaa kuhesabu. Kwenye Fitbit, ukichagua mkono usiotumika sana kinakuwa chepesi zaidi. Kwa mtu wa taratibu anzia hapo. Urefu wa hatua uache, unabadilisha umbali tu, idadi haiguswi. Watu wanahangaika na urefu wa hatua wiki nzima bure.

Na zima kujisasisha kwa programu mpaka umalize kipimo. Mtengenezaji akibadilisha algoriti katikati, wiki yako ya kwanza na ya tatu zimepimwa na vifaa viwili tofauti vyenye sura moja.

#32 Ndoto_za_Elfu_Kumi

Simu je? Si inahesabu bure.

#33 Saa_ya_Ukutani

Inahesabu ikiwa mwilini. Mgonjwa ndani ya nyumba anaiacha mezani. Meza haitembei.

#34 Mkanda_Legevu

Halafu tumeongelea kupunja tu mpaka tumesahau upande wa pili. Barabara yenye mashimo inaongeza. Kufua, kukanda unga na kupiga makofi vinaongeza kwenye saa. Sasa mtu huyohuyo anapunjwa hatua 900 akitembea ndani, kisha anaongezewa 850 akiwa kwenye gari na jikoni. Jumla ya siku inatoka karibu na ukweli, na hakuna hata sehemu moja iliyohesabiwa sawa.

Kwa hiyo dai la mleta uzi kwamba namba ya siku lazima ni ndogo mno si lazima liwe kweli. Korido si siku.

#35 Tarakimu_Tupu

Hii ndiyo hoja bora ya uzi huu, na inaniudhi kwa sababu haitatuliki kwa jaribio la korido. Suluhisho ninaloliona: kamera ndogo ya kifuani inayoangalia miguu kwa saa kadhaa za maisha ya kawaida, kisha mtu ahesabu kwenye video. Ni kazi ya kuumiza macho, na ruhusa ya mgonjwa na wa nyumbani mwake lazima iandikwe, kamera ikazimwa bafuni.

#36 Pumzi_Fupi

Nje ya mada kidogo, zile saa zinazosoma oksijeni kwenye damu mnaziaminije? Maana zimo humohumo.

#37 Chipu_na_Waya

Fungua uzi mwingine, tutakuja. Kwa ufupi: mkono baridi, saa kulegea na mtu kujisogeza, vyote vinaharibu usomaji, na rangi ya ngozi nayo ina athari kwenye vipimo vya mwanga. Usibadilishe kiwango cha oksijeni cha mgonjwa kwa sababu saa imesema.

#38 Mpima_Hatua

Shukrani wakuu. Narekebisha dai: si mapafu. Ni kasi, mikono, kusimamasimama, tumbo, kichujio, na labda kikohozi. Nimeambiwa kila kimoja ni sababu kuu, ila na mtu tofauti.

Nimepanga hivi: hatua 100 za mfululizo kwa kasi ya mgonjwa mwenyewe, 100 za tano-tano, na 100 na kigari kwa anayekitumia. Vifaa vitatu kwa mpigo: mkono ulio huru, nyonga, kifundo. Mhesabuji na kidude cha kubonyeza. Kosa likizidi 5 kwa 100 mahali fulani, kifaa hakivaliwi hapo kwa mgonjwa huyo. Kuna nilichosahau?

#39 Saa_ya_Ukutani

Wahesabuji wawe wawili wasiosikilizana. Na uwaambie mapema kugeuka kunahesabiwaje. Kwenye korido ya mita 30 mgonjwa akifika kwenye koni anazunguka kwa vihatua vinne vitano vifupi, vingine mguu haunyanyuki, unasota tu. Mmoja atabonyeza, mwingine hatabonyeza.

#40 Kifundo_Imara

Kusota ni hatua. Mguu umehama.

#41 Fizio_wa_Zamu

Si hatua mpaka uzito uhamie kwenye mguu ule. Kusota ni kujiweka sawa.

#42 Kifundo_Imara

Kwa hiyo anayeburuza miguu korido nzima hajatembea?

#43 Fizio_wa_Zamu

Anayeburuza anahamisha uzito. Anayesota kwenye koni hahamishi.

#44 Tarakimu_Tupu

Andikeni hiyo tafsiri kwenye fomu kabla ya mgonjwa wa kwanza, yoyote mtakayoichagua. Yule wa mita 270 kwenye korido ya mita 30 anazunguka koni mara nane, vihatua vitatu vyenye utata kila mara, hizo ni 24 ambazo hakuna kifaa cha kulaumiwa.

#45 Mzee_wa_Korido

Nilisema kuhusu konokono mkanicheka.